Kaka Yangu Alipokwenda na Jina Langu

Fundi anayeandika misalaba pale Usenge ana kibanda chake karibu na mahali wanawake wanapoanika omena, kwa hiyo rangi yake ya mafuta na samaki wale wadogo hunuka pamoja. Harufu hiyo ilinipokea kabla sijashuka kwenye bodaboda. Msalaba ulikuwa umeshapakwa rangi nyeupe, umeegemezwa ukutani ukauke.

"Pole kwa msiba, mzee," fundi alisema, akachovya brashi kwenye rangi nyeusi. "Tuandike nani?"

Ni swali jepesi. Wafiwa wengine hulijibu huku wakitazama ziwa. Mimi nilisimama na kibali cha mazishi mkononi, binti wa kaka yangu kando yangu, nikashindwa kufungua mdomo. Kaka yangu alikuwa amelala ndani ya jeneza nyumbani kwa mama, si mbali na hapo, na kwenye karatasi ile ya serikali, mahali pa jina la marehemu, palikuwa na jina nililopewa mimi siku niliyozaliwa.

Kwetu mtoto huzaliwa jina likiwa linamngoja. Anayezaliwa usiku ni Otieno, anayezaliwa mvua ikinyesha ni Okoth. Kaka alikuwa Otieno. Alizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa kijiji, na hakuna aliyeandika chochote. Mimi nilikuja miaka mitatu baadaye, tena nilikuja vibaya, nimetanguliza miguu, na mama akakimbizwa zahanati kwa mkokoteni huku mvua ikimpiga njia nzima. Ndiyo maana mimi niliandikwa. Nyumbani mwetu palikuwa na cheti kimoja tu cha kuzaliwa, nacho kilikuwa changu, kimekunjwa ndani ya mkebe wa kakao pamoja na sindano na vifungo.

Mama alikuwa mwanika omena. Asubuhi boti zikishafika, alinunua mabeseni yake, akatandaza nyavu kuukuu mchangani na kumwaga samaki juu yake, wakang'aa kama vipande vya bati. Kazi yetu watoto ilikuwa kuwageuza na kufukuza korongo. Kati ya wavu na wavu palibaki njia nyembamba, upana wa nyayo mbili, na humo ndimo kaka alimojifunza mpira. Mpira wenyewe ulikuwa wa karatasi za nailoni, umefungwa kwa uzi wa nyavu. Aliupitisha katika vijia vile mbio, akizunguka, akirudi nyuma, na sheria ilikuwa moja tu: ukigusa omena, mama ana fimbo. Nimeona wachezaji wengi tangu wakati ule, wengine kwenye viwanja vizuri, lakini sijaona mtu mwingine anayeweka mpira karibu na mguu namna ile, kana kwamba upande wa kushoto na wa kulia kuna chakula cha watu.

Siku moja shule yetu ilicheza Bondo, na mwanamume mwenye filimbi shingoni akaja kumuulizia kaka. Alikuwa kocha wa mahali tulipopaita Kituo, nje kidogo ya mji wa Kisumu. Walichukua wavulana wachache, wakawalaza bwenini, wakawasomesha shule nzuri na kuwafunza mpira kila jioni kwenye nyasi za kweli. Ilisemekana wanaolelewa pale huvuka bahari kucheza. Lakini sharti lilikuwa kwamba mvulana asiwe amepita miaka kumi. Kaka alikuwa na kumi na mitatu. Bahati yake, au kinyume cha bahati, alikuwa mfupi. Tulisimama mabega sawasawa.

Baba alikuwa akifanya kazi Muhoroni kwenye matrekta ya miwa, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi akinuka molasi. Alipenda mpira kuliko kitu chochote kisicholiwa. Mama alipomweleza habari za Kituo, aliuchukua mkebe wa kakao, akakitoa cheti, akakinyoosha juu ya goti.

"Tuko na Otieno mwenye miguu," alisema, "na Okoth mwenye karatasi. Mungu amegawa vibaya. Basi tuunganishe."

"Na huyu?" Mama alinionyesha kwa kidevu.

"Huyu ako hapa. Nani atamuuliza karatasi hapa? Omena?"

Mama hakucheka.

"Jina ni shati tu, Mama Otieno," baba alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Wacha ndugu yake avae. Akimaliza atarudisha."

"Shati hurudi na jasho, Baba Otieno."

Lakini hakusema zaidi. Hakuna aliyeniuliza mimi, na ukweli ni kwamba wangeniuliza ningekubali kwa furaha. Mimi nilielewa jambo hilo kwa njia yangu. Nilielewa kwamba jina langu likienda Kituo, mimi pia nitakuwa nimekwenda, kwa namna fulani ambayo watu wazima wangenieleza baadaye. Kaka angetoa miguu, mimi ningetoa jina, na sote wawili tungekuwa wachezaji.

Kocha alisema atakuja kuona nyumbani kabla ya kumchukua mtoto, kwa hiyo tukaanza mazoezi. Mama alitushtukiza wakati wowote. Tumeinama tunageuza omena, anauliza bila kuinua uso, "Okoth ni nani?"

"Mimi," kaka anajibu.

"Na wewe?"

"Otieno."

"Mtu akiita Okoth?"

"Sigeuki."

Tulipobaki wenyewe, kaka alilifanya jambo lile mchezo. "Otieno, niletee maji."

"Jiletee, Okoth."

"Otieno, mbona una masikio makubwa hivyo?"

"Hayo ni masikio yako sasa," nilimwambia, naye akacheka mpaka akakaa chini mchangani. Namkumbuka vile alivyocheka, mikono imeshika tumbo, magamba ya omena yamemganda mpaka kwenye viwiko.

Kocha alifika saa za mchana, jua kali, omena wa siku nzima wakiwa wametandazwa. Alipewa kiti cha pekee chenye mgongo, na kaka akaketi kando yake amevaa shati la kanisani. Cheti kilikuwa mezani, chini ya sahani ili upepo usikipeperushe. Kocha alikisoma, akaandika kwenye daftari lake, akakunywa chai. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kama tulivyofanya mazoezi. Kisha upepo wa ziwani ukageuka ghafla, giza la mvua likaja juu ya maji kwa kasi ile tunayoijua watu wa huku, na matone ya kwanza yakapiga paa la mabati.

Omena akinyeshewa kabla hajakauka haliwi tena na mtu. Anakuwa chakula cha kuku. Mama aliruka kutoka mlangoni, na mdomo wake ukafanya kile ulichozoea kufanya kila siku ya maisha yangu.

"Okoth! Kimbia, funika!"

Nikakimbia. Sikuwaza hata kidogo. Nilikuwa nimeshashika pembe ya turubai ndipo nilipogeuka na kuona kwamba ninafunika peke yangu. Kaka alikuwa bado ameketi kando ya kiti cha kocha, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, kama alivyofundishwa. Mama alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kiganja mdomoni, mvua inamlowesha. Nyavu tatu zilikuwa wazi na hakusogea hata hatua moja kwenda kuzifunika.

Kocha alikuja mpaka nilipokuwa, akashika pembe nyingine ya turubai, tukavuta pamoja. Alikuwa amelowa kama mimi.

"Wewe unaitwa nani?" aliniuliza.

Nilimtazama mama. "Otieno."

"Otieno. Kwa hivyo ulizaliwa usiku."

"Ndiyo."

Alitazama mvua, kisha akanitazama mimi, akatikisa kichwa polepole. Aliporudi chini ya paa alimwambia mama, ambaye alikuwa bado ameziba mdomo, "Mama, mimi nilikuja kuona miguu. Masikio yangu niliyaacha Kisumu." Akafunga daftari.

Kwa miaka mingi nilidhani tulimdanganya mtu yule. Nilijiona shujaa kwa kusema neno lile moja bila kutetemeka. Ilinichukua kuwa mtu mzima kuelewa kwamba katika nyumba yetu siku ile hapakuwa na aliyedanganywa isipokuwa mimi. Nyavu tatu za omena tuliwauzia wafuga kuku, na kaka akaenda Kituo.

Tulikwenda kumwona akicheza muhula uliofuata. Sikuwa nimewahi kuona nyasi zilizokatwa sawasawa namna ile. Niliinama nikazigusa kwa kiganja. Kaka alivaa jezi ya manjano na viatu vyenye meno chini, na alikuwa bora kuliko wote, wala sisemi hivyo kwa sababu ni ndugu yangu. Wavulana wenzake walikuwa wa miaka kumi kweli. Walimfuata nyuma kama vifaranga. Kila alipopata mpira wazazi wote waliimba, "Okoth! Okoth!" na mimi niliwapungia mkono. Niliwapungia kwa dhati. Baba alipaza sauti akaimba nao. Mama ndiye aliyeshindwa. Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga. Otieno hakuweza kusema, Okoth lilikataa kutoka. Mwishoni akasimama na kupaza sauti kwa lugha ya nyumbani, "Nyathina!" yaani mtoto wangu, na akaendelea hivyo mechi nzima, nyathina, nyathina, mpaka sauti ikamkauka. Mama mmoja jirani yake alimsifu, akasema, "Wewe unampenda huyu mtoto sana, hata jina humwiti." Mama alishukuru kwa adabu.

Ripoti ya shule ilipokuja, ilikuwa imeandikwa Okoth, nafasi ya tatu. Niliisoma mara nyingi. Kule kwetu nilikuwa karibu na mkia wa darasa, na nikaona hakuna haja ya kujisumbua, maana nilikuwa nasoma vizuri Kisumu. Mwalimu wetu wa hesabu aliporudisha madaftari na kuniuliza kwa nini nimeshindwa hata jumla rahisi, nilimjibu, "Mwalimu, mimi ni wa tatu."

"Wa tatu wapi?"

"Kisumu."

Darasa lilianguka kwa kicheko. "Basi huyo wa Kisumu akuje akufanyie hii hesabu," mwalimu alisema, na tangu siku hiyo jina langu shuleni likawa Wa Tatu. Hata wauza chapati barabarani waliniita hivyo. Nilikuwa na majina matatu na hakuna hata moja lililokuwa langu sawasawa.

Likizo ya mwaka wa pili nilimwona kaka akitembea ufukweni mbele yangu, mabega yamepanuka, mwendo umebadilika. Tulikuwa peke yetu. Nikaita, "Otieno!" Hakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu, na mara ya tatu nikakimbia nikamshika mkono. Alishtuka kwelikweli.

"Ulikuwa unaniita?"

"Mara tatu."

"Sikusikia," alisema, na nikaona usoni mwake kwamba si maringo. Alikuwa amesikia. Neno tu lilikuwa limempita kama jina la mtu mwingine. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Usiwaambie mama na baba."

Sikuwaambia.

Wale wavulana wa kumi walikua. Hilo ndilo jambo ambalo watu wazima wote, kuanzia baba hadi kocha, walilisahau au hawakutaka kulifikiria. Walikua, wakarefuka, miguu yao ikapata nguvu, na mmoja baada ya mwingine wakamfikia na kumpita. Yeye alikuwa amemaliza kukua. Karatasi zilisema ana kumi na mitano, lakini alikuwa na kumi na minane na ndevu za kunyoa kila wiki. Kituo kilimruhusu aende kwa barua nzuri iliyosema maendeleo yake yamesimama. Alirudi Usenge na begi moja, viatu vyenye meno, na cheti cha darasa la nane chenye jina langu.

Baba alikuwa nyumbani siku hiyo. Alijaribu utani. "Haya, bwana, rudisha shati la watu." Kaka alikuwa anafungua begi. Alisimama hivyo hivyo ameinama, na hakuna aliyecheka.

Halikurudi. Mwaka uleule mimi nilipaswa kuandikishwa mtihani wa darasa la nane, na mwalimu mkuu akataka cheti cha kuzaliwa. Mama alipompelekea, alikisoma akakirudisha mezani. "Huyu Okoth alishafanya mtihani mwaka jana, Kisumu. Sasa huyu aliye hapa ni nani?" Ilibidi mama aende kwa chifu kuomba barua kwamba ana mwana mwingine ambaye hakuwahi kuandikwa, anayeitwa Otieno, na ili kila kitu kikubaliane, nikapewa na umri wa Otieno. Asubuhi moja nikaongezeka miaka mitatu. Nilimaliza sekondari hivyo, nikachukua kitambulisho hivyo. Nimekata miwa Muhoroni, nimepakia samaki Port Victoria, nimelinda maduka Kisumu, sikai mahali zaidi ya misimu michache, na kote huko wanaponilipa wanamwandika Otieno.

Wenzangu wa rika langu wenye watoto wanaojua mpira huniuliza kama akademi zinafaa. Siwezi kukisema Kituo vibaya. Kaka alikula vizuri pale, alilala kwenye shuka, alijifunza kusimama mbele ya watu na kuongea. Kinachoniuma ni kingine. Hatukuwahi kujua alikuwa mzuri kiasi gani. Miaka yote ile hakucheza hata mechi moja na wa umri wake. Huenda alikuwa na kipaji kikubwa kuliko wote, huenda tulichokiona kwenye nyasi zile kilikuwa miaka mitatu ya mifupa tu. Yeye mwenyewe hakujua. Alishona nyavu hapa Usenge maisha yake yote, akafundisha watoto mpira ufukweni, na siku moja nilimuuliza. Akasema, "Ningependa kujua tu. Hata kama jibu ni hapana." Akaendelea kushona.

Aliacha watoto wawili. Mkubwa, Adhiambo, ana miaka kumi na miwili, na anapita na mpira kati ya nyavu za omena bila kugusa samaki. Ndiye niliyekuwa naye pale kwa fundi, ameshika mfuko wa misumari. Kwa mila yetu mimi ni baba yake sasa, na ananiita hivyo. Akademi ya wasichana ya Kisumu imemtaka. Alikuwa ameningoja tangu nifike aniambie, na aliona bora aseme pale.

"Baba, kocha amesema kumi na mbili imezidi kidogo. Amesema kama kuna cheti ya mdogo wangu…" Hakumaliza. "Mama amesema wewe ndio utaamua."

Fundi alikuwa bado ameinua brashi, rangi inataka kudondoka. "Mzee, inakauka."

"Andika Otieno," nilisema.

Aliangalia kibali cha mazishi. "Hapa ni Okoth."

"Najua."

"Na Otieno si ndio wewe? Mzee, mtu hajiandikii msalaba."

"Lilikuwa lake. Andika."

Akaandika, herufi moja moja, akitingisha kichwa. Adhiambo alisoma kwa sauti ya chini jina ambalo hakuwahi kusikia baba yake mzazi akiitwa. Nikamgeukia.

"Utaenda na miaka yako yote kumi na miwili," nilimwambia. "Uwaambie hivyo wewe mwenyewe."

"Na wakinikataa?"

"Watakuwa wamekukataa wewe. Utajua."

Alifikiri. Midomo yake ilikuwa imekaza kama ya kaka. Kisha akauinua upande mmoja wa msalaba, mimi nikashika mwingine, tukaubeba kwa kutembea ili rangi isiguswe.

Kaburini naibu wa chifu alisoma kibali kama kilivyoandikwa, na watu wakainamisha vichwa kwa Okoth. Lakini msalaba uliposimamishwa, mama, ambaye siku hizi haoni mbali, alisogezwa karibu na mjukuu wake. Alipapasa ubao, akasomewa. Halafu akainua uso, na kwa sauti ileile aliyokuwa akituita nayo tufukuze korongo, akamwita mwanawe kwa jina lake, Otieno, na mara ya pili, na ya tatu, akiliachia liende mpaka majini.

Kila karatasi niliyo nayo duniani inasema Otieno ni mimi. Nilisimama mahali nilipokuwa, wala sikugeuka.